CA352, CA123 na CA452 kwenye kijiko: pima volti tano kabla ya kununua sensa nyingine

Swali, kutoka kwa msomaji wa Moshi: "Shikamoo fundi. Nina kijiko, Komatsu PC200-8, nilikinunua kikiwa kimetumika Japani. Kinapakia moramu upande wa Himo. Asubuhi kinapiga kazi bila shida. Kikishapata moto, baada ya kama saa moja na nusu ya kazi, taa inawaka, resi inashuka yenyewe na nguvu inapotea. Ukizima ukakiacha kipoe, kinarudi. Skrini inaleta CA123, CA452 na CA352. Fundi wa kwanza alibadili sensa ya bust, wa pili akabadili sensa ya reli, tatizo liko palepale. Sasa naambiwa kontrol boksi imeungua kwa sababu mwezi uliopita tulichomelea meno ya ndoo. Ninunue boksi ya mtumba, au kuna sensa nyingine imebaki?"

Marahaba, mdogo wangu. Boksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, usinunue, na sensa nyingine usinunue. Hela iliyobaki itulize kwanza mpaka umepima volti tano, maana kwa namba ulizotuma ugonjwa uko karibu sana na hapo. Kuupima hakuhitaji laptopu. Testa nzuri ya dijitali, mchoro wa waya wa mashine yako kulingana na serial namba, na mtu mwenye subira vinatosha.

Nianze na namba zenyewe kwa sababu ndizo zilizowapoteza mafundi wako. CA123 inasema ishara ya sensa ya presha ya bust, yaani hewa inayosukumwa na turbo kuingia kwenye injini, iko chini kupita kiasi. CA452 inasema hivyohivyo kuhusu sensa ya presha ya reli, lile bomba nene linaloweka dizeli ya presha kubwa kabla haijaenda kwenye noseli. Hakuna hata moja inayosema sensa imekufa. Boksi haiioni sensa, inaona volti inayofika kwenye pini yake tu. Volti hiyo ikishuka, huenda ni sensa, huenda ni waya wa ishara umechubuka ukagusa bodi (chuma cha mashine), huenda soketi imeingia maji, au sensa nzima haipati umeme wa kuilisha. Fundi akisoma "sensa ya bust" na kuishia hapo, lazima abadili sensa ya bust.

Namba ya tatu, CA352, ndiyo waliyoiruka, na nadhani waliiruka kwa sababu haina sensa ya kwenda kununua dukani. Maana yake ni kwamba umeme wa kulishia sensa, mstari namba moja, umeshuka. Mstari namba mbili nao una namba yake, CA187. Kwangu mimi CA352 ndiyo ya kufuatwa kwanza, na hizo mbili nyingine nazihesabu kuwa zimeletwa nayo mpaka kipimo kikatae.

Sababu ni hii. Mashine yako ni ya volti 24, lakini sensa za presha hazili 24. Boksi inatengeneza volti 5 zilizotulia na kuzipeleka kwenye sensa kwa waya mmoja, waya wa pili ni ethi ya sensa inayorudi bokisini, na wa tatu ndio unaobeba ishara. Presha ikiwa sifuri, ishara ya sensa nyingi za aina hii hukaa kati ya nusu volti na volti moja, na presha ikijaa hupanda hadi kama 4.5. Sasa, mstari mmoja wa volti 5 hulisha sensa zaidi ya moja, kama bomba moja la maji linalogawa nyumba kadhaa: likipasuka kwa jirani, kwako maji yanakatika ingawa bomba lako ni zima. Sensa mbili ambazo haziko hata karibu zikidai kwa wakati mmoja kwamba zimeshuka, na mstari unaolisha sensa nao ukilia, ni vigumu sana kuamini kwamba zote mbili zimekufa siku moja. Kuna kitu kimoja kinachovuta volti 5 kwenda chini, na kinafanya hivyo injini ikiwa ya moto.

Hilo la moto lisikutishe, linakusaidia. Kosa linalokuja na moto na kuondoka na baridi mara nyingi ni moja kati ya mawili: ama waya uliochubuka ambao plastiki yake ikilainika na mfuko wa waya (fungu la waya za injini) ukilegea unagusa chuma, ama sensa ambayo ndani yake inapiga shoti ikipata joto. Boksi iliyoungua kwa kuchomelea kwa kawaida haichagui saa. Asubuhi ingeonyesha kosa lilelile, au injini isingewaka kabisa. Siwezi kuifutia boksi mashaka yote nikiwa mbali, lakini iko mwisho wa foleni.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha za namba zote, za sasa na za zamani. Kwenye PC200-8 unaingia ukurasa wa fundi ukiwa skrini ya kawaida: shikilia namba 4, kisha bila kuiachia bonyeza 1, 2, 3 kwa mfuatano. Humo kuna kumbukumbu ya makosa, na kuna sehemu ya kuangalia vipimo mashine ikiwa hai, kama vile joto la maji, presha ya reli, mizunguko ya injini na presha ya bust. Mafundi wengi huku kwetu hufuta makosa kwanza ndipo waanze kazi. Usikubali. Kumbukumbu inayoonyesha kosa limetokea mara ngapi ni ushahidi, na ukishafutwa haurudi.

Betri na altaneta vipitie haraka. Betri mbili zikiwa zimejaa na injini imezimwa utaona volti 25 na kidogo, na injini ikiunguruma utaona kati ya 27.5 na 28.5 hivi. Kisha pima ethi: testa ikiwa kwenye volti za DC, ncha moja hasi ya betri, nyingine bodi ya injini, huku mtu akipiga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, safisha vichwa na ung'arishe mahali waya mnene wa ethi unapofungwa kwenye fremu. Moramu ina vumbi laini linaloingia kila mahali, na ukija msimu wa masika linageuka tope linaloshika maji kwenye nati hiyo. Kama vipimo hivi ni vizuri, endelea.

Sasa kazi yenyewe. Pakia mashine mpaka kosa litokee. Usipime ikiwa nzima, utapoteza siku. Kosa likishaingia, zima injini, kisha washa swichi bila kupiga stata. Chomoa soketi ya sensa ya bust. Upande wa waya unaotoka bokisini tafuta pini ya volti 5 kwa mchoro, ncha nyeusi ya testa iweke kwenye pini ya ethi ya sensa ndani ya soketi hiyohiyo, wala si kwenye bodi. Unategemea kuona kati ya 4.75 na 5.25. Ukiona 5 kamili, kosa limeondoka, au liko mstari mwingine, au sensa uliyoichomoa sasa hivi ndiyo iliyokuwa ikivuta: irudishe uone kama kosa linarudi. Ukiona 1.8, au 0.3, au namba inayochezacheza, umemshika mwizi mkono, bado kumjua jina.

Kumjua jina ni hivi. Acha testa palepale kwenye pini ile, mtu aishikilie na awe anakusomea kwa sauti. Wewe nenda ukichomoa sensa moja baada ya nyingine kati ya zile ambazo mchoro unaonyesha zinakula mstari huo. Chomoa, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Itakapofika ile ambayo ukiichomoa tu msaidizi anasema "tano!", simama hapo. Hiyo ndiyo sensa inayovuta, au waya mfupi ulio kati ya soketi na sensa kama inao. Rudisha soketi uone inashuka tena, chomoa uone inapanda. Ikikubali mara mbili, huo ni ushahidi wa kununulia sensa, na inawezekana kabisa ikawa sensa ambayo hata namba yake haikutokea kwenye skrini. Ndiyo maana nakataa ununuzi wa kufuata namba peke yake.

Kama umechomoa zote na volti bado iko chini, sensa hazina hatia. Umebaki na waya na boksi. Zima swichi, subiri dakika chache boksi ilale, toa hasi ya betri, kisha chomoa soketi ya boksi ya injini. Sensa zote zikiwa bado zimechomolewa, weka testa kwenye ohmu na upime kati ya waya wa volti 5 na bodi ya injini. Waya safi hauonyeshi kitu, yaani umekatika kabisa na bodi. Ukisoma ohmu chache, waya umegusa chuma mahali fulani. Ukisoma kitu kama elfu chache, fikiria maji ndani ya soketi.

Hapo anza kuutafuta kwa macho na mikono. Fuata mfuko wa waya kuanzia bokisini hadi kwenye reli. Angalia kila mahali unapokunja kona, kila braketi, kila kibanio kilichopotea na waya ukafungwa kwa binding waya. Angalia karibu na bomba la turbo, chini ya altaneta, na mahali mfuko unapopita nyuma ya kichwa cha injini. Mashine iliyotumika huwa imeshafunguliwa injini mara kadhaa, na aliyeirudisha hakuwa na haja ya kurudisha vibanio vyote. Utakuta plastiki ya mfuko, ile yenye mikunjo kama bati, inang'aa sehemu moja, nyeusi lakini imelainika kama imepigwa msasa. Ipasue hapo kwa uangalifu. Ndani utaona waya mmoja umevuliwa nguo milimita chache tu na shaba yake imekuwa nyeusi. Panya nao hupenda mashine inayolala porini, na alama yao ni tofauti: meno, na vipande vya plastiki vilivyotafunwa chini.

Ukishindwa kuliona, lazimisha kosa likiwa karakana. Testa ikiwa kwenye volti 5, soketi zimerudishwa, swichi imewashwa, mtu atikise mfuko wa waya kipande kwa kipande, mwingine asome. Kisha azima draya ya nywele saluni upulize joto sensa moja moja na soketi moja moja. Ni kifaa cha kawaida lakini kinaleta joto mahali unapotaka, bila moto wa wazi karibu na dizeli. Ipulizie sensa dakika kadhaa uone kama volti inaanguka. Kosa la moto linafichuka hivyo bila kupakia hata lori moja.

Usitoboe waya kwa pini ya testa kutafuta umeme. Tundu hilo dogo litaingiza maji, na baada ya masika utakuwa na kutu ya kijani ndani ya waya na kosa jipya usilolijua. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, pembeni ya mpira. Taa ya kupimia, ile ya balbu ya fundi rewaya, isisogezwe kwenye waya za sensa. Inavuta umeme mwingi kuliko mstari wa volti 5 unavyoweza kutoa. Ukiunga waya, tumia kiungo cha kubana na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake kwenye injini inayotoa joto na oili huachia gundi mapema sana.

Nirudi kwenye sensa mbili ambazo tayari umezibadili. Natumaini zile za zamani bado unazo. Kama ziko kwenye boksi la spana, zitoe, kwa sababu zinaweza kuwa zimetoka na mashine kiwandani na ni nzima, na zilizofungwa sasa labda ni za bei rahisi kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam. Sensa feki inaweza kuwa na uzi uleule, soketi ileile, lakini kipimo chake ndani kikawa tofauti, ikaleta upungufu wa nguvu hata kosa la umeme likishapona. Ya bust ni rahisi kuijaribu, na huku kwetu milimani ina utamu wake. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, hakuna bust, kwa hiyo sensa inasoma hewa ya nje tu. Moshi mjini, mita kama 800 hadi 900 juu ya bahari, hewa ya nje ni kama kilopaskali 91 au 92. Arusha, kwenye mita kama 1,400, ni kama 86. Pwani ni 101. Kama skrini yako inahesabu presha pamoja na hewa ya nje, sensa ya bust na sensa ya hewa ya nje lazima zikaribiane sana, na zikaribiane na namba ya mahali ulipo. Kama inahesabu bust peke yake, isome sifuri. Sensa inayokuambia 101 ukiwa Moshi, au inayotofautiana na mwenzake kwa 10 injini ikiwa imelala, itolewe.

Ya reli ina mtihani mwingine. Injini ikishazimwa muda wa kutosha, presha ya reli kwenye skrini inapaswa kushuka hadi karibu na sifuri. Ikiganda kwenye namba kubwa, sensa au waya wake unadanganya. Lakini hapa naomba unisikilize vizuri: usilegeze nati yoyote ya bomba la reli injini ikiwaka, na usisogeze kidole kutafuta mahali panapovuja. Presha humo inapita bar 1,000 ikifanya kazi. Dizeli kwa presha hiyo inapenya ngozi, na kidonda kinaonekana kama tone dogo lisilouma sana huku nyama ndani ikiharibika. Ikimpata mtu wako, usisubiri uvimbe, mpeleke hospitali ya KCMC saa hiyohiyo na uwaambie ni dizeli ya presha kubwa imeingia mwilini. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi ukiwa mbali, au injini ikiwa imezimwa na imepumzika.

Pia usichanganye CA452 na CA559. Ya kwanza ni ya umeme wa sensa. Ya pili inasema pampu imeshindwa kujenga presha iliyotakiwa, na hapo kazi ni filta, maji kwenye dizeli, hewa inayoingia upande wa kunyonya, pampu au noseli zinazorudisha sana. Kama CA559 ikijitokeza baada ya kuponya volti 5, anza na filta na utoe maji kwenye kichujio cha maji kabla hujamwita fundi wa pampu. Dizeli ya madumu inayoletwa saiti kwa pikapu huja na maji mengi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kuwa utauliza siku moja kuhusu joto la maji, nalo nilimalize: hiyo sensa ina waya mbili tu na haifanyi kazi kama za presha. Upinzani wake unapungua ikipata joto. Aina nyingi husoma kilo-ohmu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi ohmu mia mbili na kitu kwenye maji yanayochemka. Ukiijaribu kwenye sufuria kumbuka kwamba maji ya Moshi yanachemka kwenye nyuzi 97 na ya Arusha kwenye 95 hivi, si 100, usije ukaikataa sensa nzima. Na kabla ya kusema sensa ya joto inadanganya, hakikisha rejeta haijaziba vumbi la moramu. Vivyo hivyo taa ya presha ya oili: geji ya mkono ifungwe kwanza. Ni taa ambayo mtu akikisia vibaya anapoteza injini nzima.

Kuhusu kuchomelea, fundi wako hakukosea kuwa na hofu, amekosea kuanza nayo. Siku nyingine mkichomelea meno ya ndoo, toa betri, chomoa soketi za boksi, na kibano cha ethi cha mashine ya kuchomelea kifungwe kwenye ndoo yenyewe, karibu na mahali mnapochoma. Kikifungwa kwenye chesi, umeme unapita kwenye pini, kwenye bearing ya mzunguko na popote panapouruhusu, na waya za sensa zinaweza kuwa njia mojawapo.

Boksi ya mtumba ningeijadili tu kama waya wa volti 5 umepimwa ukiwa umechomolewa pande zote na ukaonekana msafi, sensa zote zimechomolewa, boksi imerudishiwa umeme na ethi nzuri, na bado haitoi 5 kwenye pini yake. Hata hapo, boksi lazima iwe ya injini hiyohiyo na programu inayolingana na mashine yako. Anayekuuzia akishindwa kukuonyesha namba ya boksi ya kulinganisha na yako, achana naye.

Ukimaliza kuchomoa sensa moja moja, niandikie vitu vinne: volti ya mstari wakati kosa lipo, sensa gani ilipochomolewa volti ilirudi au kama haikurudi kabisa, ohmu kati ya waya huo na bodi soketi zote zikiwa nje, na kilopaskali za bust na hewa ya nje injini ikiwa imezimwa. Tuma na picha ya kumbukumbu ya makosa. Kwa hivyo vinne nitakuambia kama ni waya, sensa au boksi, na kama ni waya, kipande kipi cha mfuko ukipasue kwanza.